Usoke: mji mdogo katika njia kubwa

Wasafiri wengi wa reli ya Kigoma huiona Usoke kupitia dirishani tu. Ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, magharibi ya Tabora.

Hata hivyo, nchi hii ni ya njia ya kale. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora kwenda Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya magharibi ilifungwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikashuka mabegani mwa watu.

Maisha ya mji mdogo yana raha na uzito wake. Jirani asipomwona mwanao akienda shule, huuliza. Lakini vijana wamalizapo masomo huitazama reli kuliko shamba la tumbaku.

Tusiwalaumu. Babu zao nao walikwenda pwani. Lakini mpagazi alilipwa kwa nguo, naye akarudi nazo nyumbani. Wewe uliyeko Dar es Salaam, utarudi na nini, na lini?