Joia Mukherjee, muganga wa wazazi na wa watoto

Mama anayekohoa anapelekwa upande wa watu wazima, mtoto wake upande wa watoto. Mara nyingi waganga wa pande hizo mbili hawaonani, ingawa ugonjwa umewapata wagonjwa hao katika nyumba moja. Muganga Mmarekani Joia Mukherjee alisomea pande zote mbili.

Huko Marekani, masomo hayo ya pamoja yanatambuliwa tangu mwaka 1967. Daktari anajifunza hospitalini kwa miaka 4, miwili kwa watu wazima na miwili kwa watoto. Angesoma kila upande peke yake, ingekuwa miaka 6. Bi Mukherjee alijifunza katika hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, kisha akaongeza ujuzi wa magonjwa ya kuambukiza.

Mwaka 2000 alikuwa muganga mkuu wa Partners In Health, shirika linalofanya kazi Haiti, Peru, Lesotho na, tangu mwaka 2005, kwa jirani zetu Rwanda. Huko, wilayani Burera, shirika hilo na serikali walijenga hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011.

Magonjwa mawili ambayo shirika hilo linapambana nayo yanaonyesha faida ya masomo hayo. La kwanza ni Sida. Mama asipotibiwa, hatari ya kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kuzaa au kunyonyesha ni kati ya 15 na 45 kwa mia. Akimeza dawa vizuri, inashuka chini ya 5. Hivyo dawa ya mama ni kinga ya mtoto.

La pili ni kifua kikuu. Mtoto mdogo huambukizwa mara nyingi na mtu mzima wa nyumbani, na ni vigumu kwake kutoa makohozi ya kupima. Daktari asiyejua nani anakohoa nyumbani anaweza kukosa kuutambua ugonjwa.

Ndiyo maana shirika hilo linatumia wahudumu wa afya wa kijijini, wanaopeleka dawa hadi nyumbani na kuona hali ya jamaa yote.

Kwetu Congo, wataalamu ni wachache. Muganga wa hospitali kuu ya marejeo huzunguka kwa watu wazima, watoto, upasuaji na uzazi. Yeye pia anaweza kumuuliza kila mgonjwa, bila mashine wala gharama: nyumbani, ni nani mwingine anaumwa?