Kabla ya kuitia helikopta mota kubwa, tazama betri

Jumamosi iliyopita baada ya alasiri, kijana wa dada yangu alinijia na helikopta yake ndogo ya rimoti ndani ya boksi la viatu. Ana miaka kumi na minne. Mkononi alikuwa na shilingi elfu sita, pesa za mkono wa Idi mbili alizoziweka bila kuzigusa.

"Mjomba, nataka kuitia mota kubwa. Imeisha nguvu. Ikifika kiunoni inashuka yenyewe."

Nikamuuliza betri iko wapi. Akaitoa mfukoni, imefura kama hamri. Nikamuuliza huichaji wapi. "Kitandani, usiku. Nikiamka naikuta imejaa." Wallahi nilinyamaza kidogo. Anapolala yeye wanalala wadogo zake wawili, na godoro ni la sponji.

Nimeandika makala haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya wazazi wengi wanaonunulia watoto vidude hivi bila kuambiwa chochote na muuzaji. Mimi nina diploma ya umeme, na mchezo huu umenila pesa kabla sijauelewa.

Tuanze na kuchagua. Helikopta ndogo za umeme ni za aina tatu. Ya kwanza ina mapanga mawili juu kwa juu, moja likizunguka kulia na jingine kushoto. Nguvu zake hukatana, kwa hivyo kiwiliwili hakizunguki, na hata mtoto mdogo huiweza. Syma S107 ni ya aina hii. Ila rimoti yake hutumia miale kama ile ya rimoti ya televisheni, na jua kali huivuruga. Ukiitoa uani saa sita mchana hapa Mombasa, haikusikii. Hiyo ni ya sebuleni.

Ya pili ina panga kuu moja na kipanga kidogo mkiani. Panga kuu likizunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na mkia ndio unaokizuia. Kupanda na kushuka hutegemea mbio za mota tu: ukiongeza inapanda, ukipunguza inashuka. WLtoys V911 ni mfano unaojulikana sana, na ndiyo aliyo nayo kijana wangu. Ukiiweza hii, umejifunza kurusha.

Ya tatu mapanga yake hubadilisha mlalo yakiwa yanazunguka, kwa hivyo inaweza hata kuruka kichwa chini. XK K110 ni mojawapo. Ni tamu, lakini haina huruma. Mimi nilianza na ya aina hii kwa sababu muuzaji aliniambia kubwa ndiyo bora. Niliirusha uwanjani, kusi ikivuma, na haikumaliza sekunde kumi hewani. Mapanga, mhimili na mkia vyote vilikwenda siku hiyo.

Kwa hivyo anayeanza achukue ya kwanza au ya pili. Na kabla hujatoa pesa, uliza swali moja: vipuri vyake vinapatikana? Helikopta isiyo na mapanga ya kubadilisha na giya ya akiba, ikianguka mara moja imekwisha. Bora ya bei ndogo yenye vipuri kuliko ya bei kubwa isiyokuwa navyo.

Sasa tuje kwenye kuiboresha. Helikopta ikipungua nguvu, usikimbilie mota. Kagua kwa utaratibu huu.

Kwanza betri. Jaribu nyingine nzima ya aina hiyo hiyo. Ikipanda vizuri, mota haina kosa. Pili uchafu. Geuza helikopta utazame mihimili ya panga kuu na mkia. Nyuzi za zulia na nywele hujizungusha pale zikaifunga kama kamba shingoni. Zitoe kwa kibanio na sindano. Tatu giya kubwa ya plastiki, jino moja likivunjika utasikia mlio wa kukwaruza. Nne mapanga, yakiwa na ufa au yamepinda helikopta hutetemeka na nguvu hupotea bure. Tano ndiyo mota. Mota ndogo zenye brashi huchakaa kweli, brashi huisha, na ya mkiani mara nyingi hutangulia. Hapo badilisha, kwa mota ya kiasi kile kile.

Kwa nini isiwe kubwa zaidi? Kwa sababu mota kubwa huvuta umeme mwingi zaidi. Betri ndogo hupata moto na kufura, nyaya nyembamba hupata moto, na giya ya plastiki hukatika meno. Utabadilisha giya uweke ya chuma, halafu mhimili upinde. Kila ukiimarisha sehemu moja, mzigo unahamia kwa jirani yake. Vipande vya alumini ni vivyo hivyo. Vinang'aa, lakini ni vizito, na helikopta ikianguka, nguvu ambayo ingevunja kipande rahisi cha plastiki hupita hadi kwenye kitu cha bei. Plastiki ikivunjika imefanya kazi yake.

Maboresho yenye faida hayana mbwembwe: betri mbili za ziada, mapanga ya akiba, na chaja nzuri. Usinunue betri kubwa kupita kiasi ukidhani utaruka muda mrefu. Uzito ukizidi, mota huchoka na helikopta huwa nzito mkononi.

Na hapa kwenye betri nataka wazazi wasome pole pole. Hizi ni betri za lithiamu polima. Chumba kimoja ni volti 3.7, kikijaa ni volti 4.2, na kisizidishwe hapo. Kisiachwe kushuka chini ya volti 3. Helikopta ikianza kulegea, itue, usiilazimishe. Kiasi cha kuchaji kifuate ukubwa wa betri: yenye mAh 450 ichajiwe kwa ampea 0.45 hivi, si kwa chaja yoyote iliyo karibu. Ikitoka hewani ikiwa moto, ingoje ipoe kwanza. Ukiiweka wiki nzima bila kuitumia, iwe karibu na volti 3.8, isiwe imejaa wala tupu.

Ichaji sakafuni kwenye vigae au ndani ya chungu, mbali na pazia, mkeka na godoro, na mtu mzima awe macho. Betri iliyofura imekufa. Usiitoboe, usiibane, usiichaji hata mara moja zaidi. Ikishika moto, haikupi nafasi ya kufikiri.

La mwisho ni mahali pa kurushia. Kusi ikivuma, chombo cha gramu chache hupeperushwa kama karatasi. Rusha ndani ya ukumbi, au baada ya alfajiri upepo ukiwa umetulia. Hewa yetu ya chumvi hula beringi, kwa hivyo ifute na uihifadhi ndani ya boksi lililofungwa. Usirushe juu ya watu wala karibu na viwanja vya ndege, na sisi tunavyo Mombasa, Malindi na Manda. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, basi kabla ya kutoka nje na chombo kikubwa, uliza mamlaka ya usafiri wa anga.

Tukarudi kwa kijana wangu. Nilimtilia betri yangu moja, nikachomoa uzi wa zulia mkiani, na helikopta ikagusa dari. Mota ilikuwa nzima tangu mwanzo. Akanunua betri mbili, chaja na mapanga, na zaidi ya nusu ya pesa zake zikabaki. Betri iliyofura nilibaki nayo mimi. Jioni nilimpigia dada yangu simu, nikamwambia chaja ihame chumbani usiku ule ule. Alikuwa hajui hata kama ilikuwa huko.

Nawe mzazi, leo kabla ya kulala, ingia chumbani kwa watoto utazame kuna nini kwenye soketi.