Maarusi wa Picha Waliovuka Bahari

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yajulikana na watu wote, lakini ni wachache walioionja kama wanawake wa Kijapani waliokwenda visiwa vya Hawaii kuolewa, kati ya mwaka 1908 na 1924. Walivuka bahari wakiwa maarusi, na baada ya siku chache walipewa jembe kwelikweli.

Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya bahari ya Pasifiki, na tangu mwaka 1898 vimekuwa chini ya Marekani. Kuanzia mwaka 1885 wanaume wengi wa Kijapani walikwenda huko kwa mkataba, kufanya kazi katika mashamba makubwa ya miwa. Wengi walinuia kukaa miaka mitatu, kisha warudi kwao na fedha. Lakini fedha haikupatikana upesi, miaka ikapita, nao wakabaki wapweke. Mwaka 1907 na 1908 Serikali za Japani na Marekani zilipatana kwamba vibarua wapya wasiende tena. Ila wake na watoto wa wale waliokwisha kukaa huko waliruhusiwa.

Basi mwanamume aliyetaka mke aliwaandikia wazazi wake barua na kutia picha yake ndani. Mshenga alipeleka picha hiyo kwa wazazi wa msichana. Wazee walipopatana, jina la msichana liliandikwa katika daftari ya ukoo wa mume, naye akawa mke halali kwa sheria ya Japani, ingawa hajapata kumwona mumewe. Zaidi ya wanawake 14,000 walifika Hawaii kwa njia hiyo, wakaitwa maarusi wa picha.

Siku ya kuonana

Meli ilipotia nanga Honolulu, maarusi walipimwa na daktari, kisha wakangoja kuitwa. Kila mmoja alikuwa na picha mkononi, akitazama nyuso za wanaume waliokuja kupokea wake zao. Wengine walifurahi. Wengine walitokwa na machozi, kwa maana kijana wa katika picha alikuwa sasa mtu wa makamo. Picha ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, na pengine ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Hata mali iliyosifiwa katika barua haikuwapo. Nyumba ilikuwa chumba cha mbao katika laini za vibarua.

Kurudi kwao kulikuwa kugumu. Nauli hawakuwa nayo, na kurudi kungewatia wazazi aibu kijijini. Walikuwapo waliotoroka waume wakali au walevi, lakini wengi walikaza moyo wakakaa.

Kazi ya miwa

Kila aliyelima miwa katika Nyanza ajua jinsi majani yake yanavyokata ngozi. Wanawake hao walijifunga nguo nene mikononi na miguuni, wakafunika vichwa, wakatoka alfajiri king'ora kilipolia. Kazi yao ilikuwa hasa kupalilia na kupukusa majani makavu ya miwa, muda wa saa kumi kwa siku, mnyapara akiwatazama. Kila kibarua alivaa kipande cha madini chenye nambari, na kwa nambari hiyo aliitwa na kulipwa. Wenye watoto wachanga waliwabeba mgongoni. Jioni wengine waliwafulia nguo na kuwapikia wanaume wasio na wake, wapate senti za kuongeza.

Katika taabu hiyo walifundishana. Aliyetangulia alimwonyesha mgeni namna ya kufunga nguo za kazi. Palipokuwa na mkunga, laini nzima ilimtegemea. Wakati wa kupukusa miwa waliimba nyimbo walizozitunga wenyewe, za kulalamika na za kucheka, zikapunguza uzito wa siku. Pia watu wa laini walicheza upatu, ambao kwa Kijapani huitwa tanomoshi: kila mmoja alitoa fedha kidogo kila mwezi, na kwa zamu mtu mmoja alipokea zote. Kwa fedha hizo waliweza kununua cherehani, kufungua duka dogo, au kulipa gharama za ugonjwa.

Mgomo wa mwaka 1920

Mwaka 1920 vibarua wa Kijapani na wa Kifilipino katika kisiwa cha Oahu waligoma. Wakati huo mwanamume alilipwa senti 77 kwa siku, na mwanamke senti 58. Walidai mishahara zaidi, na pia likizo ya uzazi yenye malipo kwa wanawake. Watu kiasi cha 12,000 walifukuzwa katika nyumba za mashamba, wazee na watoto pamoja, katika majira ya homa ya mafua iliyoua wengi. Baada ya miezi sita mgomo ulivunjika. Hata hivyo, miezi michache baadaye wenye mashamba waliongeza mishahara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1924 sheria mpya ya Marekani ilifunga mlango, maarusi wa picha wasiweze kuingia tena. Lakini waliokwisha kufika walikuwa wameota mizizi, na watoto wao wakasoma, wakawa walimu, makarani na wenye maduka.

Watu husema kwamba wanawake hao walishinda kwa saburi. Ni kweli, lakini si saburi ya mtu aliye peke yake. Walishinda kwa sababu palikuwapo jirani wa kuwaonyesha kazi, mkunga wa kuwapokea watoto wao, na upatu wa kuwainua. Katika Kenya pia wako wasichana wengi wanaoolewa mbali na kwao, penye lugha ngeni na chakula kigeni. Jembe watalishika, kwa maana ndiyo desturi. Lakini mama mkwe, wifi na jirani ndio watakaoamua kama mgeni huyo atalima akilia au akiimba.