Unataka kufanya utafiti Oxford baada ya PhD? Soma hili kabla hujatuma CV

Umemaliza PhD, watu wanakuita daktari, lakini kazi bado. Njia mojawapo ni nafasi za utafiti baada ya PhD kwenye vyuo vikubwa kama Oxford, Uingereza. Shida ni kwamba wengi wanazitafuta kama skolashipu, na siyo skolashipu.

Ni ajira

Hulipi ada, unalipwa mshahara. Mara nyingi pesa hutoka kwenye ruzuku ambayo profesa amepata kwa mradi fulani. Ndiyo maana mikataba mingi ni ya miaka michache tu: ruzuku ikiisha, na kazi inaisha.

Zinapatikana wapi?

Anza na ukurasa wa ajira wa chuo chenyewe. Tafuta neno "postdoctoral" pamoja na fani yako.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Ndani ya Oxford kuna vyuo vidogo zaidi ya 30 vinavyojiendesha, na baadhi hutangaza nafasi zao za watafiti chipukizi, ziitwazo Junior Research Fellowship. Hapa unapeleka wazo lako mwenyewe, siyo mradi wa profesa. Ushindani wake ni mkali.

Halafu si lazima upande ndege. Oxford ni mshirika wa KEMRI na Wellcome kwenye utafiti wa afya uliopo Kilifi, Kenya, tangu 1989.

Wengi wanachemsha hapa

Kila tangazo lina orodha ya vigezo, na jopo linachuja majina kwa kuifuata. CV peke yake haitoshi. Unatakiwa kuandika maelezo yanayojibu kigezo kimoja baada ya kingine, kwa mifano.

Wakitaka mtu anayejua kuchambua data, usiseme "mimi ni mchapakazi". Sema ulichambua data gani, kwa programu ipi, na ikatoka makala gani.

Una swali? Matangazo mengi huweka jina la mtu wa kumuuliza. Mwandikie, ruksa kabisa.

Angalia saa

Matangazo mengi ya Oxford hufungwa saa 6 mchana, siyo usiku. Kwa Dar es Salaam au Nairobi hiyo ni saa 8 mchana wakati wa kiangazi cha Uingereza, na saa 9 alasiri wakati wa baridi. Ukipanga kutuma usiku wa siku ya mwisho, imekula kwako.

Viza na matapeli

Ukipata kazi, kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, mwajiri ndiye anayekupa cheti cha udhamini. Baadhi ya fani za sayansi na teknolojia nyeti zinadai pia kibali cha ATAS, ambacho huombwa bure.

Kuomba kazi yenyewe ni bure pia. Mtu akikwambia utume "hela ya usajili" kwa simu ili jina lako lipite, huyo ni tapeli.

Bado hujatetea tasnifu?

Usikate tamaa. Baadhi ya matangazo yanapokea hata walio karibu kumaliza PhD. Soma vigezo vyote, ila wasimamizi wako wawili waombe barua leo, maana barua za wadhamini ndizo huchelewa kuliko kitu kingine chochote.