Mfuko Usiopenya Nuru

Katika miezi ya mwanzo ya Ebola ya Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuzuka Mangina, karibu na Beni, maiti ilitiwa katika mfuko mzito usiopenya nuru, ikazikwa na watu waliojifunika gubigubi hata nyuso, na jamaa wa marehemu, wakisimama kwa mbali, hawakuwa na njia ya kuyakinisha kwamba kilichoshushwa kaburini ni ndugu yao na si mawe na udongo. Ukaenea uvumi ya kuwa viungo vya maiti huibwa. Tabibu mwenye haraka angaliuita uvumi huo ujinga, akaamrisha mahubiri zaidi. Lakini watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, waliopita mtaa kwa mtaa wakiandika maswali na manung'uniko ya raia, waliupokea kama habari yenye manufaa, na baadaye ikaletwa mifuko inayoonyesha kilichomo. Kasoro ile hapana maabara duniani ambayo ingaliigundua, kwa kuwa haikuwamo katika damu ya mgonjwa.

Mnamo Septemba 2018 Patrick Vinck wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakaona ya kuwa mmoja katika kila wanne hasadiki kwamba Ebola ipo, na walioamini kuwa wakuu wa mahali wanawatakia heri hawakutimia theluthi. Na aliyekosa imani hiyo aghalabu ndiye aliyesitasita kupokea chanjo. Hesabu hizo ziliipa ithibati ya kielimu habari ambayo mwuza ndizi wa Butembo angalikupa bure. Ila hesabu hutaja ukubwa wa shaka, haitaji asili yake. Asili ilitafutwa na kikundi cha uchunguzi wa jamii kilichoitwa CASS, chini ya UNICEF, ambacho watafiti wake Wakongomani walikaa na akina mama, wauguzi, waganga wa kienyeji na vijana wa pikipiki, kisha wakayapeleka waliyoyasikia mezani kwa wakuu wa riposti (ndivyo wenyeji walivyouita mkusanyiko ule wa matabibu, magari na fedha), na, jambo lililo adimu katika utafiti, wakarudi kuangalia kama yaliyokubaliwa yametendwa.

Walichokisikia mara kwa mara kilikuwa ni swali. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga vijijini mwao, malaria ikawachukua watoto wao kila msimu, na surua, iliyoanza kutapakaa nchini mwaka 2019, iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, ilhali Ebola kwa muda wa karibu miaka miwili iliua 2,287: kwa nini basi dunia imekuja na fedha zake kwa maradhi haya tu? Na uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa hoja ya Ebola na ukosefu wa amani, masoko na makanisa yakiwa wazi, shaka ikageuka ghadhabu. Ghadhabu hiyo haihalalishi damu ya Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa riposti aliyeuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Walakini waliolidhania swali lile kuwa ni ukaidi walikosea, kwa maana lilikuwa utafiti uliokamilika juu ya ukosefu wa usawa wa afya, uliofanywa na watu wasiokuwa na karatasi.

Wanawake walikuwa na swali lao. Wao walikuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, na juu ya hayo, wajawazito na wanyonyeshao walizuiwa chanjo hadi katikati ya mwaka 2019. Sababu iliyotajwa ilikuwa hadhari, na hadhari hiyo iliwaacha wanaouguza wengine bila kinga.

Kurudi kwa Ebola kando ya Butembo kulitangazwa tarehe 7 Februari 2021. Mara hii wengi wa walioikabili walikuwa matabibu na wauguzi wa papo hapo, wenye kujua Kinande na njia za vijijini. Chanjo ilikuwapo, na yamkini bahati nayo ilikuwapo. Ilipotangazwa kwisha tarehe 3 Mei, wagonjwa walikuwa 12, na waliokufa 6.