Mchoraji wa Mabata Aliyetambuliwa kwa Mkono Wake

Mwaka 1960, Carl Barks alipokea barua nyumbani kwake California. Alikuwa anakaribia miaka 60, na kwa miaka 18 alikuwa akiandika na kuchora hadithi za bata Donald katika majarida ya katuni. Barua ilitoka kwa msomaji aliyetaka kumshukuru. Barks hakuamini. Alidhani ni rafiki anayemtania, kwa sababu barua za wasomaji hazikuwa zikimfikia, na jina lake halikuwa limechapishwa popote katika majarida yale. Kila jalada lilibeba jina moja tu: Walt Disney.

Msomaji yule alimpataje mtu asiye na jina? Kwa kusoma. Yeye na wengine kama yeye, waliotawanyika Marekani bila kujuana, walikuwa wameng'amua tangu utotoni kwamba hadithi zote za mabata hazikutoka katika mkono mmoja. Nyingi zilikuwa za kupitisha wakati. Chache zilikuwa na milima inayoonekana kama milima, kichekesho kinachofika kwa wakati wake, na bata anayekasirika, kuona wivu na kujuta kama binadamu. Kwa kuwa hawakujua jina lake, walimwita mchoraji mzuri wa mabata. Kisha baadhi yao wakaanza kuwaandikia wachapishaji, wakaendelea kuuliza mpaka jina likapatikana.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna somo zima la kukusanya vitabu vya zamani vya katuni. Jicho la msomaji lilitangulia, bei ikaja nyuma. Anayeugeuza utaratibu huo hukusanya karatasi tu.

Hadithi za wanyama wacheshi si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Tumelelewa na Sungura anayemzidi Simba akili na Fisi anayeponzwa na tamaa, wala hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini wanazungumza. Mnyama hutwikwa tabia moja ya binadamu, na tabia hiyo ikaonekana waziwazi bila mtu yeyote kudhani anasemwa yeye. Katika Marekani ya miaka ya 1940, kanuni hiyohiyo iliingia kwenye majarida ya rangi yaliyouzwa senti 10. Jarida la Walt Disney's Comics and Stories lilianza Oktoba 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni 3 kwa mwezi. Wasanii wakubwa walipitia uwanja huo. Walt Kelly alimlea humo Pogo, mnyama wa kinamasi cha Okefenokee, kabla ya kumhamishia magazetini. Hata hivyo, waulize mashabiki hadithi wanazozipenda kuliko zote, na jina la Barks litatajwa kabla hujamaliza swali.

Barks alizaliwa mwaka 1901 karibu na Merrill, Oregon, katika familia ya wakulima. Shule aliiacha mapema. Alifanya kazi za shamba, akakata miti, akafanya kazi katika karakana ya reli, na masikio yake yalikuwa mazito. Mwaka 1935 aliajiriwa na studio ya Disney, akaiacha mwaka 1942. Mwaka huohuo alishirikiana na Jack Hannah kuchora Donald Duck Finds Pirate Gold, na kuanzia 1943 akawa anatoa hadithi ya kurasa 10 karibu kila mwezi. Alilipwa kwa ukurasa. Hadithi ikichapishwa upya, hata mara ishirini, hakupata kitu.

Desemba 1947 alimleta Scrooge McDuck katika Christmas on Bear Mountain, bata mzee, tajiri, mwenye chuki na kila mtu. Kiswahili kinauweka ukoo huu sawasawa. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, lakini sisi twajua kwamba Scrooge ni mjomba hasa, kaka wa mama yake Donald. Donald naye ni mjomba wa Huey, Dewey na Louie, watoto wa dada yake. Ni hadithi za wajomba na wapwa, na anayejua uzito wa mjomba nyumbani ataelewa kwa nini Donald hawezi kumkatalia mzee yule hata akijua safari itaishia pabaya.

Hadithi ipi bora? Mwenyewe nazitaja nne.

Ya kwanza ni Lost in the Andes ya mwaka 1949. Donald ni mfagizi wa ngazi ya chini katika jumba la makumbusho, anayepangusa vumbi kwenye mawe ya mraba. Jiwe moja likianguka, inagundulika kwamba ni yai. Safari ya Peru inaanza, na kule juu, ndani ya ukungu, kuna bonde la watu ambao kwao kila kitu ni mraba na umbo la duara ni kosa la jinai. Tazama namna ukungu ulivyochorwa: visanduku vinapungukiwa mistari kidogokidogo, hadi msomaji mwenyewe anahisi amepotea. Mwishoni mabata wanarudi na kuku wawili wa mraba, fahari ya sayansi, kisha inabainika kwamba wote wawili ni majogoo. Mayai hayatapatikana kamwe.

Ya pili ni Only a Poor Old Man ya mwaka 1952, ambamo Scrooge anajaribu kulinda ghala lake la fedha dhidi ya genge la Beagle Boys. Hapa bahili wa mwaka 1947 anakuwa mtu kamili. Kila sarafu kwake ni kumbukumbu ya mahali alipoichuma kwa jasho, ndiyo maana hawezi kuitumia. Mtoto anacheka. Mtu mzima aliyehifadhi kitu kisicho na faida kwa sababu ya mahali kilipotoka anacheka kidogo, kisha ananyamaza.

Ya tatu ni Back to the Klondike ya mwaka 1953. Scrooge anarudi kaskazini kwenye machimbo ya dhahabu ya ujana wake kudai deni kwa mwanamke aliyemwibia zamani, Goldie. Mwisho wake una huruma ambayo mzee anajitahidi kuificha, na Barks hamsaidii msomaji kwa maneno. Anaachia picha. Wahariri wa wakati ule waliondoa kurasa kadhaa wakiona haziwafai watoto. Kurasa zilizosalimika zilirudishwa katika matoleo ya baadaye.

Ya nne ni Tralla La ya mwaka 1954. Scrooge, aliyeugua kwa wingi wa shughuli za fedha, anakimbilia bonde la Himalaya ambako watu hawajui fedha ni nini. Anabeba chupa za dawa yake ya kutuliza neva. Mwenyeji mmoja anaokota kizibo cha chupa, na kwa kuwa ni kimoja tu bonde zima, kila mtu anakitaka. Wivu, ubahili na biashara vinazaliwa siku hiyohiyo. Scrooge anaagiza ndege zimwage vizibo bilioni moja ili kila mtu atosheke, navyo vinafunika mashamba. Sijasoma maelezo mepesi zaidi ya uhaba, thamani na mfumuko wa bei, nayo yamo ndani ya jarida la senti 10.

Usahihi huo wa mambo ndio uliomtofautisha. Barks hakuwa msafiri. Nchi za mbali alizichota kwenye majarida ya National Geographic, akazichora kwa uangalifu. Kanuni za maumbile pia alizichukulia kwa uzito. Katika hadithi ya mwaka 1949, Donald na wapwa zake waliiinua yoti iliyozama kwa kuijaza vipira vya tenisi ya mezani. Mwaka 1964 meli iitwayo Al-Kuwait ilizama bandarini Kuwait ikiwa na maelfu ya kondoo, na mizoga ikatishia maji ya kunywa ya wakazi. Mvumbuzi wa Denmark, Karl Krøyer, aliiinua kwa kuijaza mamilioni ya vipira vya plastiki. Kilichochekesha kwenye ukurasa kilifanya kazi katika maji ya Ghuba.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa Afrika hawezi kuliruka. Barks alituchora, na alituchora vibaya. Darkest Africa ya mwaka 1948 na Voodoo Hoodoo ya mwaka 1949 zina Waafrika wa midomo mikubwa na lugha iliyovunjika, picha za dharau zilizokuwa za kawaida katika katuni za Marekani za zama hizo. Katika baadhi ya matoleo ya baadaye michoro ilirekebishwa. Mwaka 2023 kampuni ya Disney iliamua kwamba hadithi mbili za Don Rosa, mrithi mkubwa wa Barks, zenye mhusika aliyetoka katika Voodoo Hoodoo, hazitachapishwa tena. Msimamo wangu ni kwamba mtu mzima anastahili kuona mchoro ulivyokuwa, ukiambatana na maelezo, kwa sababu kosa lililofutwa halimfundishi mtu. Mtoto asipewe hadithi hizo bila mtu wa kukaa naye. Na kumpenda msanii hakutulazimishi kumtetea alipokosea.

Sasa tuje kwenye kukusanya kwenyewe. Anayeanza asikimbilie nakala za zamani. Aanze na matoleo mapya, hasa mfululizo wa kazi zote za Barks ambao kampuni ya Fantagraphics ilianza kuutoa mwaka 2011. Asome mpaka aweze kuutambua mkono ule bila kuambiwa: macho yanayosema, anguko linalochorwa hatua kwa hatua, bahari na meli zilizofanyiwa utafiti. Hiyo ndiyo shule waliyopitia mashabiki wa kwanza.

Akifikia nakala za awali, ajue mitego yake. Anayetafuta namba 1 ya jarida la Uncle Scrooge hataiona imeandikwa 1 kwenye jalada. Matoleo matatu ya mwanzo yalitoka ndani ya mfululizo wa Four Color, yakiwa na namba 386, 456 na 495, na ndiyo maana jarida lenyewe linaanza na namba 4. Maandishi madogo yaliyo chini ya kurasa za mwanzo ndiyo yanayoeleza mwaka na mchapishaji. Yasome kabla ya kutoa pesa, kwani hadithi hizi zimechapwa upya mara nyingi. Nakala za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ni adimu kwa sababu wananchi wa Marekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na katuni nyingi zilikwenda na mafungu hayo.

Bei hupangwa na hali ya nakala. Tangu mwaka 1970 wakusanyaji wametumia mwongozo wa kila mwaka wa Robert Overstreet, na tangu 2000 kampuni ya CGC hupima nakala kwa kipimo kinachofika 10, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki. Kwa mfanyabiashara hilo lina faida. Lakini nakala iliyofungwa haisomwi, na kwangu mimi kitabu kisichofunguliwa kimeacha kazi yake.

Uhifadhi hauhitaji utajiri. Karatasi hizi zilitengenezwa kwa massa ya miti yenye asidi, kwa hiyo mwanga na joto huzifanya ziwe za njano na kukatika. Kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, adui mkubwa zaidi ni unyevu: pini za katikati hushika kutu, ukungu huota, mende na mchwa humalizia. Tia kila nakala katika mfuko wa poliesta pamoja na ubao wa karatasi usio na asidi. Zisimamishe wima ndani ya sanduku, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Usitumie mkanda wa kunata kuunga palipochanika. Gundi yake hula karatasi. Shika kwa mikono mikavu, na usome.

Barks alistaafu mwaka 1966 na kufariki mwaka 2000 akiwa na miaka 99. Aliishi kuona jina lake likiandikwa juu ya kazi yake. Mwaka 1987 aliingizwa katika kundi la kwanza la wasanii walioenziwa na tuzo za Kirby, pamoja na Will Eisner na Jack Kirby mwenyewe. Heshima hiyo ilianzia kwa watoto waliosoma kwa makini na kukataa kutupa majarida yao.

Sisi pia tuna majarida chini ya vitanda na juu ya makabati: nakala za Sani, kurasa za Taifa Leo zenye Juha Kalulu wa Edward Gitau, vitabu vya katuni vya shule ambavyo jalada limeshatoka. Watu wanafungia vitumbua kwa kurasa hizo. Ukizipata, zipanguse vumbi, zikaushe, uziweke mahali pakavu. Tafuta saini ya mchoraji pembeni mwa kisanduku, na jina hilo uliandike nyuma ya ubao kwa penseli pamoja na tarehe. Kama hakuna saini, uliza. Baadhi ya wachoraji hao wangali hai, na barua ya shukrani bado inaweza kuwafikia.