Nyumba Ipimwe Umeme Ukiwa Umekatika

Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya Unguja. Saa hizo kuta hazipigwi sana. Mzigo wote huliangukia paa. Kila mita ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4: paa lake linabeba kilowati 12. Ikipenya robo tu, hizo ni kilowati 3, na kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5. Yaani mashine karibu nzima imenunuliwa, na mita ya umeme ya Tukuza inateketeza uniti, kutoa joto ambalo lingeweza kuzuiwa pale pale chini ya bati.

Hesabu hiyo ndiyo ianze kila tunapozungumzia kuzipa nyumba madaraja ya matumizi ya nishati. Umoja wa Ulaya uliagiza vyeti vya namna hiyo mwaka 2002, na katika nchi nyingi za huko nyumba hupewa herufi, A kwa iliyo bora hadi G kwa inayokula nishati nyingi. Adui mkubwa wa huko ni baridi, kwa hiyo ukuta hujazwa povu au sufi ya kioo na kila upenyo huzibwa. Kwetu Afrika Mashariki umeingia mfumo wa EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, unaotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na lipunguze kwa kiwango hicho kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi. Huo unatufaa zaidi. Lakini nyumba ya kupanga ya mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, yenye bati na feni moja, nani ataipima, na kwa kipimo gani?

Ingia nyumba kongwe ya Shangani, Mji Mkongwe, saa nane mchana, uweke kiganja ukutani. Ni baridi. Ukuta huo wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu una unene wa nusu mita hivi, na joto la nje huchukua karibu nusu siku kuupenya. Likifika ndani limeshafifia na usiku umeingia. Tofali la saruji la inchi 6 hulichelewesha kwa saa nne au tano tu. Jua la saa tisa alasiri kwenye ukuta wa magharibi hufika chumbani saa moja au saa mbili usiku, wakati mama analaza watoto. Wengi wetu tunaufahamu usiku huo wa kugeuza mto kila baada ya muda.

Chokaa nyeupe nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na huuacha ukuta upumue. Ukilipiga jiwe la matumbawe plasta ya saruji, unyevu na chumvi hunasa ndani, plasta huvimba na jiwe huoza. Zaidi ya hayo, ukuta uliolowa hupitisha joto haraka kuliko mkavu, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa katika vitundu vyake. Kwa hiyo daraja lolote litakalowasukuma watu kuzibandika povu kuta za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, litaharibu nyumba bila kuipoza. Udhaifu wa nyumba hizo uko juu: mapaa bapa ya chokaa yalivuja, na mengi yakaezekwa bati.

Desemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipata hitilafu, na Unguja ikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, ndani ya kaskazi, msimu wa joto kali. Jenereta zilinguruma vichochoroni kwa wenye uwezo. Kwangu mimi miezi ile ndiyo mtihani halisi: daraja la nyumba lipimwe kwa joto la chumbani umeme ukiwa umekatika na madirisha yako wazi kwa upepo. Kiyoyozi kihesabiwe baadaye.

Kihami joto chenyewe kina gharama kwa mazingira. Baadhi ya povu zimepuliziwa gesi za HFC, na baadhi yake hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kabonidioksidi, uzito kwa uzito. Makubaliano ya kuzipunguza yalifikiwa Kigali Oktoba 2016. Chokaa pia si takatifu: tanuri hula magogo, na tani moja ya mawe safi ya chokaa hutoa kilo 440 hivi za kabonidioksidi yakiungua, ingawa chokaa hufyonza tena sehemu ya gesi hiyo kadiri inavyokuwa ngumu ukutani kwa miaka.

Njia rahisi ya kulizuia joto la paa ni karatasi ya alumini chini ya bati, upande unaong'aa ukitazama chini ili usishike vumbi, na nafasi ya hewa kabla ya dari. Alumini safi hutoa kama sehemu moja tu kati ya ishirini ya mnururisho wa joto ambao uso mweusi ungetoa. Kisha kuna usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Kinamama wa pwani ya mashariki hufukia makumbi ya nazi ufukweni kwa miezi, wakayachapa na kusokota kamba. Nyuzi hizo zikishindiliwa kuwa ubao huzuia joto vizuri. Ningependa kuona ubao huo wa inchi mbili, uliotiwa dawa ya mchwa na kupimwa kwa moto, ukiuzwa katika soko la Darajani kando ya mabati.